Simu Imekuwa Duka Lisilofungwa, na Mume Wangu Anataka Niiuze

Shikamoo, Mama Mshauri.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, mama wa watoto watatu, na mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana yake mtaani kwetu. Ninakuandikia kwa sababu jambo lililoanza kama urahisi limegeuka kuwa ugomvi wa kila mwisho wa mwezi, na wiki iliyopita limenitia aibu ambayo sikuwahi kuifikiria.

Miaka miwili iliyopita nilichukua simu janja kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Dukani ilikuwa ikiuzwa taslimu shilingi 350,000, lakini sikuwa nazo, kwa hiyo nilitanguliza 60,000 kisha nikalipa 1,500 kila siku kwa mwaka mzima, na siku niliyochelewa simu ilijifunga yenyewe hadi nilipolipa. Kabla ya hapo nilikuwa na kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe yenye tochi. Manunuzi makubwa ya nyumbani tuliyafanya mara mbili kwa mwaka, ambapo nilipanda basi kwenda Kariakoo nikiwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, vitu vyote vimeandikwa, na pesa nimezifunga kwenye pindo la kanga. Nilirudi nimechoka, lakini kilichokuwa kwenye karatasi kilipatikana, na ambacho hakikuwamo kilibaki Kariakoo.

Sasa nimo kwenye makundi sita ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Picha huanza kuingia saa tatu usiku, watoto wamelala na mimi ninasahihisha madaftari. Ninaambiwa zimebaki tatu tu, ninaambiwa nikilipia usiku huu mzigo utapanda basi la alfajiri, na kweli kesho yake ninaitwa stendi ya Msamvu kuchukua kiroba kilichozungushiwa utepe wa gundi, jina langu limeandikwa juu yake kwa kalamu nzito. Nimenunua vyombo, mapazia, viatu vya watoto, na mashine ya kusagia juisi ambayo tumeitumia mara mbili. Mwezi wa pili nilinunua zulia ambalo kwenye picha lilijaza sebule nzima, limewekewa makochi manne juu yake. Lilipofika, mume wangu alilikunjua mwenyewe, na upana wake haukufika hata miguu ya pili ya meza yetu ya kahawa. Hakusema neno. Alilikunja tena, akalisimamisha kwenye kona, na liko pale hadi leo.

Baada ya siku ile nilianza kuficha, na mizigo miwili iko kwa mwalimu mwenzangu jirani.

Hata kishikwambi tulichopewa walimu baada ya sensa ya mwaka 2022 sasa ni kishawishi, kwa sababu mwanangu wa darasa la tano akikishika kwa ajili ya masomo huniletea matangazo ya viatu na kuniuliza tutavinunua lini.

Mwezi uliopita mshahara uliisha tarehe 12. Nilipakua programu ya mikopo niliyoiona kwenye tangazo, nikaomba shilingi 100,000. Nilipokea 80,000, nikaambiwa zilizobaki ni gharama za huduma, na nikatakiwa kurudisha 115,000 ndani ya siku 14. Nilichelewa siku mbili. Siku ya tatu ujumbe ulitumwa kwa watu waliomo kwenye simu yangu, akiwamo mwalimu mkuu wangu, ukiwaambia kwamba mimi ni mdaiwa sugu na wao wanishauri nilipe. Mwalimu mkuu hajanisema, ila tangu siku hiyo nashindwa kumtazama usoni.

Mume wangu ameniambia niiuze simu hii na kurudi kwenye kiswaswadu, kwa kuwa kabla ya simu hatukuwa na deni. Mimi ninaitumia kwa kundi la wazazi, kwa maandalio ya masomo, na kwa kuwasiliana na mama yangu aliye mbali. Je, niiuze ili nyumba itulie?

Mwalimu, Morogoro

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma ninarudi kwenye ile karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Nadhani wewe mwenyewe umelitaja jibu bila kukusudia, na mumeo naye amelikaribia kwa upande wake. Simu usiiuze, lakini kiswaswadu kitarudi nyumbani, na nitakueleza kwa nini vyote viwili vinahitajika.

Kumbuka kwamba pesa iliingia kwenye simu zetu kabla ya duka. M-Pesa ilianza hapa Tanzania mwaka 2008, wakati wengi wetu tulikuwa na simu za vitufe, na kwa miaka mingi tuliweza kumtumia mama pesa kijijini bila kushawishiwa kununua chochote, kwa sababu kioo kidogo kile hakikuwa na picha ya zulia. Duka lilikuja baadaye, pamoja na kioo kikubwa, bando la intaneti na makundi ya WhatsApp. Tatizo lako lilizaliwa siku mambo hayo mawili yalipokutana katika kifaa kimoja, kinacholala chini ya mto wako.

Zamani kati ya kukiona kitu na kukilipia palikuwa na safari ya karibu kilomita 200. Katika safari ile ulijiuliza maswali ambayo leo huna nafasi ya kujiuliza: kwamba mwezi ujao kuna michango ya shule, kwamba mapazia ya mwaka jana bado ni mazima, kwamba mwenzako atasemaje. Ukifika dukani, ulikishika kitambaa kwa vidole, ulilipima zulia kwa hatua zako, ukaondoka kwenda duka la pili kusikia bei nyingine. Leo kati ya picha na malipo kuna namba ya siri ya tarakimu nne tu, nayo unaibonyeza saa tatu usiku, umechoka, madaftari arobaini yako mezani. Sikulaumu kwa kushindwa hapo, kwa maana mpangilio wote, kuanzia ile "zimebaki tatu tu" hadi basi la alfajiri, umetengenezwa ili usipate muda wa kufikiri.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuurudisha umbali ule. Nunua kiswaswadu cha bei ndogo, chukua laini iliyo na pesa zako uihamishie humo, na laini ya pili, isiyo na pesa, ibaki kwenye simu janja kwa ajili ya intaneti. Namba ya WhatsApp unaweza kuiacha ilivyo, kwa kuwa huduma hiyo huendelea kufanya kazi hata laini yenyewe ikiwa kwenye simu nyingine, mradi uwe karibu nayo siku itakapodai uthibitisho. Kama utasajili laini mpya, isajiliwe kwa kitambulisho chako mwenyewe, kisha ubonyeze *106# kuhakikisha kwamba namba zote zilizo chini ya kitambulisho hicho ni zako. Kama una programu ya benki kwenye simu janja, ifute, kwa sababu huduma za benki zipo pia kwa kubonyeza namba za nyota na reli, nazo zinafanya kazi vizuri kwenye kiswaswadu.

Kisha kiswaswadu hicho kikae kabatini, mahali ambapo mumeo anapajua. Hapo utaona tofauti. Utakapolitamani pazia saa tatu usiku, itakubidi uinuke, ufungue kabati, uwashe simu, uandike namba ya mpokeaji tarakimu kwa tarakimu, na mwenzako yupo anakuona. Hatua hizo hazizidi kumi na tano kutoka kwenye kiti chako, lakini zitatosha kukurudishia nusu ya maswali uliyokuwa ukijiuliza ndani ya basi. Katika miaka ambayo nimekuwa nikijibu barua za namna hii, sijaona njia iliyowafaa watu kuliko hii ya kuitenganisha simu ya kuonea na simu ya kulipia. Kuapa kwamba hutanunua tena hakudumu, na kufuta programu peke yake hakudumu pia, kwa kuwa kuirudisha ni dakika moja.

Karatasi nayo irudi. Kitu ukikipenda, kiandike kwenye daftari pamoja na tarehe na bei, ukiache siku saba. Makundi yale sita yapunguze hadi mawili, ya wauzaji waliokuletea vitu sahihi, na hayo mawili uyanyamazishe ili uyafungue wewe unapotaka.

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu sitaki mumeo aisome barua hii akadhani simu ni adui wa nyumba. Mwulize wateja wake wanakujaje siku hizi. Nina hakika wengi hawamwelezi tena geti kwa maneno, bali humwonyesha picha kwenye simu na kumwambia wanataka kama hili, maua yawe hivi, na pengine wamekwisha kuuliza bei kwa mafundi wawili kabla ya kufika kwake. Simu hiyo hiyo imempa mnunuzi nguvu ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo. Zamani mwenye duka mmoja mtaani alikuwa ndiye bei, na ukikataa kwake ulirudi mikono mitupu. Leo unaweza kuwauliza wauzaji watatu wa Kariakoo bei ya sufuria ile ile ukiwa umeketi jikoni, na ukimtajia wa tatu bei ya wa kwanza, atapunguza. Nguvu hiyo wewe hujaitumia bado, kwa maana katika barua yako yote hakuna mahali unaposema uliuliza bei kwa muuzaji wa pili.

Hata zulia lile lingeweza kukataliwa kabla halijapanda basi. Picha uliyoonyeshwa huenda haikupigwa na aliyekuuzia. Wauzaji wengi huchukua picha za kiwandani, na makochi manne uliyoyaona huenda yamewekwa humo kwa kompyuta, yakiwa madogo kuliko ya kweli ili zulia lionekane pana. Ipakue picha, uitafute kwa picha kwenye Google, na mara nyingi utaikuta kwenye maduka mengine mengi duniani. Baada ya hapo mwombe muuzaji vipimo kwa futi au kwa sentimita, na umwombe video fupi ya zulia lenyewe likiwa limetandikwa, futi kamba ikiwa juu yake. Mwenye mali atakupigia video hiyo kwa dakika tano. Asiye nayo ataanza maelezo marefu, nawe utakuwa umepata jibu. Ukilipa, soma jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha muamala, ulilinganishe na jina la duka au la mtu uliyezungumza naye, na hifadhi mazungumzo yote. Tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu mwaka 2015, na makubaliano mliyoyafanya kwa ujumbe wa simu si maneno matupu mbele yake.

Kuna hesabu moja nataka uifanye pamoja na mumeo, na kalamu iwe mkononi. Shilingi 1,500 kwa siku 365 ni 547,500. Ongeza zile 60,000 za mwanzo, inakuwa 607,500, kwa simu iliyouzwa taslimu 350,000. Tofauti ni 257,500. Treni ya umeme ilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilitangazwa kuwa shilingi 13,000, kwa hiyo tofauti hiyo peke yake nusura itoshe safari kumi za kwenda na kurudi. Siyasemi haya ili ujute, kwa sababu mtu asiye na 350,000 mkononi na anayeihitaji simu kwa kazi hana njia nyingi. Nayasema kwa sababu mkopo wa namna ile hutajwa kwa bei ya siku ili bei ya mwaka isionekane, na simu itakapochakaa utashawishika kuchukua nyingine kwa njia hiyo hiyo. Anza sasa kuweka akiba ya simu ijayo kwenye kikoba chenu. Na kwa manunuzi makubwa, mazulia na makochi na mapazia ya nyumba nzima, nakushauri kwa dhati upande treni hiyo na karatasi yako, uende asubuhi, ushike vitu kwa mikono, urudi jioni.

Deni la programu ndilo la kushughulikia kwanza, hata kabla ya kununua kiswaswadu. Ulipokea 80,000 na unadaiwa 115,000 baada ya wiki mbili, yaani gharama ya 35,000, karibu asilimia 44 ya pesa uliyoishika. Watu mitaani huiita mikopo ya aina hii kausha damu, nami sioni jina linaloifaa zaidi. Usichukue mkopo kwenye programu ya pili ili kuilipa ya kwanza. Nenda kwenye SACCOS yenu ya walimu au kwenye kikoba, ueleze shida yako, ukope kiasi hicho tu, ulipe, uhifadhi uthibitisho wa malipo. Kuifuta programu kwenye simu hakufuti deni.

Kabla ya kulipa, angalia kama mkopeshaji huyo ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali chake, na kama jina la aliyekukopesha limo, taarifa yako wanaihitaji. Ujumbe uliotumwa kwa watu wako ni jambo jingine kabisa, na mwenye kosa hapo si wewe. Kuchelewa kulipa siku mbili hakumpi mtu ruhusa ya kufungua majina yaliyomo kwenye simu yako na kukutangaza. Google ilikwisha kuzikataza programu za mikopo binafsi zilizoko kwenye duka lake la Play kuomba majina na picha zilizomo kwenye simu za wateja, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, na sisi wenyewe tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake inayopokea malalamiko. Waombe waliopata ujumbe wakupigie picha za kioo zikionyesha namba na tarehe, uzihifadhi, upeleke lalamiko. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu na uondoe ruhusa ya programu hiyo kuona majina yako. Majina yaliyokwisha kuchukuliwa hutaweza kuyarudisha, lakini utaifungia mlango.

Kishikwambi cha kazi kitumike kwa kazi. Mtoto akisome akiwa mezani karibu nawe, masomo yakiwa yamepakuliwa tayari na intaneti imezimwa. Hilo halihitaji maneno mengi kwa mwalimu.

Lipo jambo moja ambalo nitakusema kidogo, kwa upendo wa mzazi. Zulia dogo halikumuumiza mumeo kama unavyodhani. Alilikunja akanyamaza, na huo ulikuwa ustaarabu mkubwa. Ile mizigo miwili iliyoko kwa jirani ndiyo itakayomuumiza siku atakapoiona, na ataiona, kwa maana mitaa yetu haina siri. Ichukue leo, uiweke mezani, umwambie kila kimoja kilinunuliwa lini na kwa shilingi ngapi. Mwonyeshe pia orodha ya miamala yako ya miezi mitatu, ambayo mtandao wako wa simu unaweza kukutolea. Najua ni vigumu. Hata hivyo mtu anayekutaka uiuze simu yako ni mtu aliyeachwa nje ya hesabu, na akishaingizwa ndani, huenda asiitaje tena habari ya kuiuza.

Halafu mwalimu mkuu. Usisubiri akuite. Nenda ofisini kwake asubuhi na mapema, wanafunzi hawajaingia mstarini, umwambie kwa maneno yako kwamba ulikopa, ulichelewa siku mbili, unalipa wiki hii, na kwamba namba yake ilichukuliwa kwenye simu yako bila ridhaa yako. Mwombe na yeye ile picha ya ujumbe kwa ajili ya lalamiko. Kisha nenda darasani ukafundishe.